Lebo ya Shangazi

Mtaa mzima ulimwita Shangazi, hata watu waliomzidi umri. Alishona mikoba ya turubai katika chumba kilichotazama barabara, na ndani ya kila mkoba aliweka lebo ndogo iliyofumwa neno hilo hilo: Shangazi. Mikoba ilitoka kama maji. Ukurasa wake wa mtandaoni ulijaa wafuasi mpaka akawa anajiuliza watu wote hao wanafanya kazi saa ngapi.

Asubuhi moja akakuta ukurasa umefungwa. Ujumbe ulisema anatumia alama ya biashara ya mtu mwingine bila idhini.

"Mtu mwingine nani?" aliiuliza simu, kana kwamba ingemjibu.

Alipotafuta jina lake akakutana na ukurasa mpya, Shangazi Halisi. Mikoba ilikuwa ile ile kwa macho, ila bei ya kutupa. Kilichomtoa jasho ni picha. Moja ilionyesha mkoba wa kijani juu ya meza yenye kovu la pasi. Shangazi aliinamisha kichwa. Kovu lile lilikuwa hapo, chini ya kiwiko chake.

Basi mwizi alikuwa anaingia humu ndani.

Walioingia bila kubisha walikuwa wawili. Wa kwanza ni Kimya, fundi mwenzake tangu mkoba wa kwanza, mwanamke aliyeweza kushinda siku nzima akasema "nipe mkasi" na asiongeze neno. Wa pili ni shemeji yake, mume wa mdogo wake, mtu wa vichekesho na mikono myepesi, ambaye ndiye aliyemfungulia ule ukurasa na kumwandalia simu alipoinunua. Shangazi alipima. Anayecheka unamjua amefikiria nini. Huyu anayenyamaza, je?

Akatega mtego. Alimpa Kimya mchoro wa mkoba wenye mfuko wa mraba. Shemeji alipopita kusalimia, akamwonyesha wenye kifuniko cha duara. Kila mmoja aliambiwa, "Hii ni siri yangu na wewe." Kisha akakaa kusubiri upi utajitokeza mtandaoni.

Lakini shuku haina subira. Ikawa Kimya akitoka nje kupokea simu, Shangazi anasogea dirishani kusikiliza. Siku moja, mbele ya mteja, akashindwa kujizuia. Akauchukua mfuko wa Kimya akaumwaga mezani. Zikaanguka lebo, konzi nzima.

"Hizi unampelekea nani?"

Kimya alizitazama, kisha akamtazama yeye. "Ni zile zilizofumwa kombo. Ulisema nizitupe."

"Mbona hukuzitupa?"

"Nikizitupa jalalani, mtu ataziokota azishone kwenye takataka zake. Huwa nazichoma nyumbani."

Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko aliyoyasema mwezi mzima. Akakusanya vitu vyake, akaacha lebo pale mezani, akaondoka. Mteja alijifanya anachagua rangi. Shangazi alijiambia kwamba mwongo aliyejiandaa ndivyo anavyojibu.

Siku chache baadaye Shangazi Halisi ikaweka mkoba mpya. Haukuwa wa mfuko wa mraba, wala wa kifuniko cha duara. Ulikuwa wa kamba mbili, ule Shangazi aliouweka kitandani chumbani kwake akaupiga picha ili aufikirie. Hakumwonyesha kiumbe. Usiku ule alimtazama mumewe akikoroma, akamshuku hata yeye. Mtu asiyejua kuzima kengele ya simu yake mwenyewe!

Akaenda kwa wakili. Wakili, binti mwenye miwani, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanyoosha mkono. "Mama, naomba simu yako. Nani alikufungulia?"

"Shemeji yangu."

Wakili alibonyeza hapa na pale. "Ukipiga picha, inajihifadhi mtandaoni. Hiyo hifadhi imefunguliwa pia kwenye simu nyingine. Kila unachopiga, na mwenzio anakiona." Halafu akatafuta kwenye daftari la msajili wa alama za biashara. Ombi la jina Shangazi, kwa bidhaa za mikoba, lilikuwa limeletwa na kampuni asiyoijua. Namba ya simu ya kampuni aliijua kwa kichwa.

Alimkuta shemeji sebuleni kwake.

"Shemeji, ulilala," akasema yule bwana, bila kicheko safari hii. "Jina halikuwa na mwenyewe. Nilikuwa nakutunzia."

"Na ukurasa ukanifungia kwa kunitunzia?"

Mdogo wake alikuwa mlangoni, ameshika sinia. Hakuuliza wanazungumzia nini. Shangazi aliliona hilo, akalibeba, na hakumuuliza kamwe.

Muda wa kuweka pingamizi ulikuwa bado haujaisha. Wakili alitaka uthibitisho kwamba jina lilitumika kabla ya kampuni ile kuzaliwa. Wateja wa zamani wakaleta mikoba iliyochakaa, lebo zikiwa bado mahali pake. Alihitajika pia mtu aliyeshona tangu mwanzo.

Kimya alikuwa kwake, nyuma ya cherehani.

"Nimekuja kuomba radhi," Shangazi alisema.

"Umekuja kuomba shahidi."

"Vyote viwili."

Kimya alikata uzi kwa meno. Akaenda kutoa ushahidi, akasema yaliyotakiwa na si zaidi. Pingamizi likakubaliwa, ukurasa ukarudishwa, na jina likaandikishwa kwa Shangazi mwenyewe. Shemeji akawa hapiti tena kusalimia.

Shangazi alirudi kumwomba Kimya waendelee pamoja. Kimya akatikisa kichwa.

"Na mimi nimeshaandikisha jina langu," akasema.

"Hongera, dada. Kwa kweli nimefurahi."

Alikuwa amefurahi kweli. Lakini macho yake yalikuwa yameshatua kwenye mkoba uliokuwa juu ya cherehani, yakifuata mshono wa mpini, yakihesabu mikunjo. Kimya aliyaona. Akausogeza mkoba mpaka mbele yake.

"Ugeuze. Angalia na ndani."

Shangazi aliona aibu ikimpanda mpaka masikioni. Akaugeuza.