Chumba kwa Jina la Corinne

Garrick Pruitt hakuwahi kununua kitu kwa bei iliyoandikwa, na jambo hilo alijisifia popote alipopata mtu wa kumsikiliza. Alikuwa fundi viyoyozi wa Lakeland, mtu wa mikono mizuri na maneno mengi, na moyoni aliamini wanaolipa bei kamili ni wajinga walioumbwa ili werevu kama yeye wapate nafuu. Haya. Sasa mwerevu alikuwa amesimama mapokezi ya Hoteli ya Mnara, ndani kabisa ya bustani ya michezo ya Mji wa Mawingu kule Orlando, saa tisa mchana, Jumamosi ya likizo ya Pasaka, na binti wa mapokezi anamwambia jina lake halipo.

"Angalia tena, dada. Pruitt."

"Nimeangalia mara tatu, bwana." Beji yake kifuani ilisema anaitwa Yesenia na kwao ni mji wa Ponce. "Nipe nambari ya oda."

Garrick akamsogezea simu. Yesenia akaiandika ile nambari, akasoma. Akamtazama Garrick, kisha akamtazama msichana wa miaka kumi aliyesimama kando yake na mkoba wa zambarau mgongoni. Huyo alikuwa Marlee, mtoto wa pekee wa Garrick.

"Chumba kipo," Yesenia alisema. "Ila ni cha Corinne Haddix."

"Hilo ni jina la mama," Marlee alisema.

Corinne alikuwa mtalaka wa Garrick, aliyeishi Orlando hapo hapo, dakika kumi kwa gari, na hata enzi za ndoa aligoma kulibeba jina la Pruitt.

Upumbavu wenyewe ulikuwa hivi. Garrick hakununua chumba kwa wenye hoteli. Aliingia kwenye tovuti ya madalali, wale wanaouza vyumba vya dunia nzima kama nyanya za fungu. Kompyuta ya zamani aliyobaki nayo baada ya talaka ilikuwa bado imefunguka kwenye akaunti ya Corinne, mwanachama wa miaka kumi na moja, ngazi ya dhahabu, punguzo asilimia thelathini. Mtu mwenye haya angetoka humo akafungua akaunti yake. Garrick alicheka peke yake jikoni, akalipa kwa kadi yake mwenyewe, na pale kwenye jina la mgeni, ambapo jina la mwenye akaunti hujiandika lenyewe, hakutupa hata jicho.

"Nimelipa mimi!" Akaibwaga kadi juu ya kaunta. "Soma jina hapo. Pesa zimetoka humu."

"Umemlipa dalali, naye dalali ndiye aliyetulipa sisi. Kwetu mgeni ni Corinne Haddix. Aje na kitambulisho chake, nimpe ufunguo."

"Si ubadilishe jina tu? Kazi ya kubonyeza mara mbili!"

"Ungenunua kwetu, ningebonyeza sasa hivi. Chumba cha dalali kimefungwa, hata meneja wangu hawezi kukigusa. Wapigie waliokuuzia."

"Basi niuzie kingine."

"Tumejaa mpaka Jumanne."

"Mmejaa! Hoteli ya vyumba elfu moja imejaa?"

"Pasaka, bwana," Yesenia alisema, na tabasamu alilofundishwa kazini likamfutika usoni.

Nyuma ya Garrick ulikuwa umejipanga ukoo mzima wa Tolliver, watu kumi na wanne, bibi kwa wajukuu, wote ndani ya fulana za rangi ya chungwa zilizoandikwa UKOO WA TOLLIVER WAVAMIA MAWINGU. Jitu moja la ukoo huo likamgonga Garrick begani kwa kidole.

"Mzee, dada wa watu kakwambia hakuna. Unataka akuimbie? Sogea."

"Nenda kamguse mkeo bega."

"Mke wangu ana chumba," lilijibu lile jitu, na fulana zote kumi na nne zikaangua kicheko.

Garrick akasogea. Alikuwa na hasira ya kumpasua mtu, lakini hofu yake ilikuwa kubwa zaidi. Hizi zilikuwa siku tatu za kwanza jaji kumruhusu kulala na mwanawe tangu talaka. Zikipita salama, angempata kila baada ya wiki moja, Ijumaa hadi Jumapili. Zikiharibika, anarudi kule kule kwenye Jumapili za muda wa saa nne tu, piza kwenye jengo la maduka na kuagana kwenye maegesho. Jaji alikuwa ameandika masharti waziwazi: baba ataje wiki moja kabla mahali mtoto atakapolala, na hatahama pale bila ridhaa ya mama kwa maandishi. Wazazi wasipigiane simu, kwani kila walipopigiana walitukanana. Waandikiane tu kwenye programu ya mahakama, ambayo mawakili husoma na jaji husoma, na neno likishaandikwa humo halifutiki.

Kwa hiyo ili kumwomba Corinne msaada ilimpasa aandike, mbele ya macho ya jaji, kwamba aliingia kwenye akaunti ya mwanamke huyo bila ruhusa ili aokoe dola mia mbili na sitini. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, wahenga walisema, lakini Garrick alikuwa na kiuno kigumu tangu utoto.

Akawapigia madalali. Muziki ulimchosha dakika arobaini, vinanda tu, na kila baada ya dakika mbili mashine ikimwambia kuwa yeye ni mgeni wa thamani sana. Marlee alikaa juu ya sanduku, akiwatazama watoto wengine wakipewa kofia za mawingu pamoja na funguo zao. Hatimaye akapatikana mtu.

"Kubadili jina inawezekana," kijana wa madalali alisema. "Natuma nambari ya siri, tarakimu sita, kwenye simu ya mwenye akaunti. Nisomee, nami nabadilisha. Itadumu dakika kumi."

"Tuma," Garrick alisema, kabla hata hajafikiri.

Kisha akafikiri. Akapiga magoti mbele ya mwanawe.

"Marlee, mpigie mama kwa saa yako. Mwambie kuna mchezo unataka kuufungua, na nambari imekwenda kwenye simu yake. Akusomee. Basi."

Amri ya jaji iliwafunga wazazi. Mtoto aliachiwa ampigie mama yake wakati wowote, na ile saa ya mkononi ilinunuliwa kwa ajili hiyo.

Marlee akamkazia macho. "Lakini hakuna mchezo."

"Najua hakuna."

"Basi ni uongo."

"Ni uongo mdogo, mwanangu. Haumuumizi mtu."

"Mama alisema ukiniambia nimfiche kitu, nimwambie."

"Mama yako anasema mengi!" Sauti ilimpanda, na bibi mmoja wa fulana ya chungwa akageuka. Garrick akaishusha, ikawa mbaya zaidi. "Sikiliza. Unataka tulale kwenye gari? Unataka turudi kwenye Jumapili za piza, nikuone kwa saa nne tu, halafu kwaheri? Hicho ndicho unachotaka? Kwa sababu ni wewe utakayekuwa umeamua. Dakika zinakwisha."

Mzazi anayemwambia mtoto maneno kama hayo anajua anachofanya. Garrick alijua. Alisema hivyo hivyo.

Marlee akainuka, akaenda akasimama karibu na nguzo, akaileta saa mdomoni. Garrick akamfuata hatua mbili nyuma yake.

"Haloo mama! Eti kuna mchezo wangu unataka nambari, imekuja kwako... Hiyo hiyo. Nisomee." Akawa anaziandika kwa kidole kwenye vumbi la sanduku la mgeni mwingine. "Ndiyo, tumefika. Chumba kizuri sana, mama. Kina dirisha kubwa, mnara unauona wote, na kitanda changu kina pazia la nyota... Ndiyo. Ndiyo, mama. Nakupenda."

Uongo wa nambari Garrick ndiye aliyemwagiza. Dirisha, mnara na pazia la nyota hakumwagiza. Mtoto alizitoa mwenyewe, moja baada ya nyingine, bila kumeza mate, kwa sauti ya furaha, na Garrick akaitambua sauti ile. Ndiyo aliyokuwa akimpigia nayo Corinne miaka ile, akiwa Tampa kwenye meza za kamari, akimweleza jinsi kiyoyozi cha mteja kinavyosumbua.

Lakini dakika zilikuwa zimebaki nne. Akasoma tarakimu, kijana akabadilisha jina, na Yesenia akampa kadi mbili za mlango pasipo kumtazama usoni.

"Karibu kwenye Mji wa Mawingu, bwana Pruitt," alisema. Kwa Marlee akainama, akamvisha kofia. Marlee akasema asante.

Chumba kilikuwa ghorofa ya sita. Vitanda viwili, jokofu dogo, dirisha la kutazama maegesho ya mabasi. Garrick aliingia na kelele za mtu aliyeshinda vita.

"Si nilikwambia? Pruitt hashindwi! Kesho sisi wa hotelini tunaingia saa nzima kabla ya watu wa nje, mwanangu, tutapanda lile gari la radi mara tatu kabla hawajafungua geti. Weka mkoba. Unataka kitanda kipi?"

Marlee hakuuweka mkoba. Aliketi kwenye ukingo wa kiti, magoti pamoja, kama mtu anayengoja zamu yake kwa daktari wa meno.

"Baba, nataka kurudi nyumbani."

"Nini?"

"Nataka kurudi kwa mama."

"Baada ya yote haya? Unajua nimesimama pale chini nikichekwa na watu kwa ajili ya nani? Unajua chumba hiki nimekitolea jasho?" Akasikia mwenyewe anavyosema, akashindwa kunyamaza. "Sekunde hizi hizi umetoka kumwambia mama yako ni kizuri!"

"Mama aliniuliza kitu kingine," Marlee alisema. "Aliniuliza kama unanitendea vizuri. Nikasema ndiyo."

"Na si kweli?"

Mtoto akafikiri. Alifikiri kwa uaminifu kabisa, na ndicho kilichomtisha Garrick.

"Sijui," alisema. "Nilisema kwa sauti ile ile."

Garrick akakaa kitandani. Kwenye masharti ya jaji kulikuwa na hili pia: mtoto akiomba kurudi, mama aarifiwe mara moja. Alifikiria kumbembeleza kwa aiskrimu. Alifikiria kuingoja kesho, kwani kesho watoto husahau. Halafu akamwangalia mwanawe, akaona kwamba huyu hasahau, huyu anajifunza, na mwalimu wake ni yeye. Aibu ikampanda mpaka masikioni.

Akafungua programu ya mahakama. Akaandika kwamba alitumia akaunti ya Corinne bila kumwambia. Akaandika kwamba hadithi ya mchezo aliitunga yeye na si mtoto, naye alimshurutisha. Akaandika kwamba Marlee anataka kurudi, na kwamba atamleta sasa hivi. Hakufuta neno. Akatuma.

Jibu lilifika kabla hajaiweka simu chini, maana mwenzake alikuwa ameshaandika sehemu kubwa yake.

"Usimlete. Ujumbe wa nambari ulieleza ni ya kubadili jina la chumba, Garrick. Nilijua naambiwa uongo tangu neno la kwanza, nikamsomea ili asibaki amesimama mapokezi. Halafu nikakaa nikamsikiliza mwanangu akinipambia chumba kwa sauti yako. Niliingia garini alipokata simu. Nimefika chini, nimeegesha kwenye mabasi."

Garrick akasoma mara mbili. Akaenda dirishani. Kulikuwa na mabasi, na kati ya mabasi gari dogo jeupe, na mwanamke amesimama kando yake, mikono imefungwa kifuani, akihesabu madirisha kwa macho.

"Amesemaje?" Marlee aliuliza.

Uongo ulimjia tayari, mzuri, umekamilika: mama alikuwa anapita tu, mama ameamua kuja kutusalimia. Akaumeza.

"Amesema alijua unamdanganya," Garrick alisema.

Marlee akalia kwa mara ya kwanza siku ile. Garrick alipomkaribia, mtoto akainua mkono kumzuia, na wakashuka kwa lifti kila mmoja upande wake.