Swichi ya Wakubwa

Kaimu Mkurugenzi aliamini kwamba hata umeme unajua vyeo. Aliamini pia kwamba siku bodi itakapokaa, neno "kaimu" litafutwa na yeye atathibitishwa kazini. Kwa ajili ya siku hiyo alikuwa tayari kupanga upya kila kitu ofisini, hasa vitu asivyovielewa.

Alianza na kabati la mtandao. Ndani yake mlikuwa na swichi tatu, vifaa vya kuunganisha kompyuta zote za ofisi, moja juu ya nyingine. Kebo fupi nene iliunganisha ya juu na ya kati. Nyingine iliunganisha ya kati na ya chini. Kebo ya tatu, ndefu kuliko hizo, ilitoka swichi ya chini ikarudi hadi ya juu na kufunga duara. Zilifanya kazi kama mtambo mmoja. Mhandisi wa mtandao, binti wa dada yake Kaimu, alizifunga hivyo kwa makusudi.

"Yupi ndiye mkubwa?" Kaimu aliuliza.

"Ya juu ndiyo inayoongoza, mjomba, lakini..."

"Kazini mimi si mjomba."

"Ya juu, Mheshimiwa. Lakini kuongoza si kubeba mzigo wote. Kompyuta mbili zikiwa kwenye swichi moja, zinaongea humo humo. Zikiwa kwenye swichi tofauti, ndipo data inapita kebo hizi za nyuma."

Katika maelezo hayo yote Kaimu alisikia neno moja: juu. Siku hiyo hiyo nyaya za wakuu wa idara zilihamishiwa swichi ya juu, na tundu la kwanza likatengwa kwa ajili ya mwenyekiti wa bodi. Maofisa walipewa swichi ya kati. Makarani wa masijala walisukumiwa chini, pamoja na seva inayohifadhi nyaraka zote, kwa kuwa seva, kwa hekima ya Kaimu, ni chombo cha kutumwa. Hivyo makarani wakawa jirani wa kila faili, na wakubwa wakawa wasafiri.

"Na hii ndefu?"

"Hiyo ni njia ya pili. Upande mmoja ukikatika, data inazunguka upande mwingine."

"Yaani wa chini anafika kwa mkubwa bila kupitia wa kati? Ndiyo mliyofundishwa chuoni hayo? Itoe."

"Tutabaki na njia moja tu."

"Ndiyo utaratibu wenyewe."

Kebo ikatolewa. Mtandao haukuzimika, na jambo hilo likamvimbisha kichwa.

Siku ya kikao maofisa wote walikuwa kwenye semina. Kaimu alifungua kabati, akahisi joto, akaamua kwamba vifaa vya wakubwa vinastahili feni. Soketi zote zilikuwa na kazi. Alifikiri, na hapo ndipo hatari ilipoanza. Swichi ya kati haina mtu leo, alijiambia. Akaichomoa, akachomeka feni, akaenda kuwapokea wageni huku akijipongeza.

Bodi ilipaswa kusoma ripoti ya utendaji wake, kisha imthibitishe. Mwenyekiti alibonyeza faili la ripoti kwenye kompyuta. Kioo kilibaki cheupe. Alibonyeza tena. Chumba cha pili, masijala, printa ilikuwa ikitema karatasi bila kupumzika, na makarani walikuwa wakicheka. Swichi yao, ilipoona imetengwa na wenzake, ilijichagulia uongozi wake na kuendelea na kazi. Ilikuwa na akili kuliko mkuu wake.

Mhandisi alikimbilia kabati. "Mjomba! Umezima ya kati?"

"Haina mtu leo."

"Haina mtu, lakini ndiyo njia! Wa juu wanapita wapi kwenda kwenye seva? Toa feni hiyo. Au nirudishie kebo ndefu."

"Sauti yako, binti. Watu wazima wapo."

Mwenyekiti alikuwa ameshafika nyuma yao. "Kuna nini hapa?"

"Ukarabati uliopangwa, Mwenyekiti."

"Siku ya kikao?"

Karani mmoja alichungulia kutoka masijala. "Mzee, kwetu inafunguka. Karibu, kiti kipo."

"Basi niisomee kule," Mwenyekiti akasema, akageuka.

Kaimu akamzuia kwa mikono miwili, kana kwamba mlangoni pana shimo. "Wewe, masijala? Kwenye swichi ya chini? Haiwezekani! Afadhali tuahirishe."

Mwenyekiti alitazama feni.

"Sawa, tuahirishe. Na nafasi yako tutaitangaza, waombe na wengine."

Akaondoka, wajumbe nyuma yake. Kaimu aliwasindikiza kwa macho hadi milango ya magari ikafungwa.

"Angalau," alimwambia mpwa wake, "hakukaa na makarani."

Mhandisi aliinama, akachomoa feni.