Milimita Tatu za Mlango

Eleuterio Maidana alimwonea gere Jimena Pautasso, na hakujisumbua kujidanganya juu ya jambo hilo. Roho ilimuuma asubuhi alipomwona akiegesha baiskeli, ikamuuma mchana wanafunzi walipomzunguka kwa maswali, lakini saa kumi alasiri ndipo ilipomuuma kwelikweli, kwa sababu hapo ndipo kibuyu cha yerba, majani ya kunywa kwa mrija kama chai, kilipozungushwa. Kwa miaka ishirini na sita katika kinu kile kidogo cha nyuklia cha chuo, aliyeshika chupa ya maji ya moto na kuwamiminia wenzake alikuwa yeye. Siku hizi alimimina Jimena, na kibuyu kilimfikia Maidana akiwa wa nne, baada ya karani wa ghorofa ya pili ambaye alishuka kufuata biskuti tu.

Na huyo Jimena alifundishwa na Maidana mwenyewe! Alikuja hajui kuchomelea waya hata mmoja. Sasa ni injinia, ana miaka thelathini na moja, na cheo cha mkuu wa mafundi, kilichokuwa wazi tangu Machi, kilikuwa kinamnyemelea Jimena.

"Mkaguzi anakuja Alhamisi," Daktari Ferrero, mkurugenzi, aliwaambia wote wawili. "Ijumaa napeleka jina la mkuu wa mafundi. Naangalia nani ataniponyea huu mlango."

Mlango wenyewe ulikuwa wa ukumbi wa kinu. Ukifunguliwa kinu kikiwa kinafanya kazi, swichi iliyo kwenye fremu hukata umeme, fimbo za kuzuia zikaanguka, kinu kikazima. Ndivyo ulivyotengenezwa, na ndivyo inavyotakiwa. Shida ni kwamba kwa wiki tatu fimbo zilikuwa zikianguka mlango ukiwa umefungwa. Jimena alibadilisha swichi, akabadilisha nyaya, akabadilisha kila kilichobadilishika. Kinu kilitulia siku mbili, kikazima tena.

"Huu mlango una jini," alisema, amekaa sakafuni na jasho limemlowesha. "Don Eleuterio, ungekuwa wewe ungeanzia wapi?"

"Aa, injinia si wewe, binti? Sisi wengine ni wa kushika bisibisi tu."

Alisema huku akitabasamu, na akafurahi kuona uso wa Jimena ukisinyaa.

Jumanne, kinu kikiwa kimezimwa, Jimena alikwenda kufundisha. Maidana alirudi ukumbini na chupa ya maji kwapani, kibuyu mkono mmoja, pakiti ya yerba mkono wa pili, akausukuma mlango kwa nyonga kama walivyofanya wote miaka nenda rudi, maana katika jengo lile hakuna aliyewahi kufika mlangoni na mkono mtupu. Mlango ukalia chini ya nyonga yake. Akasimama. Akaweka vitu vyake chini, akashika kitasa, akakiinua. Mlango mzima ukapanda.

Bawaba ya juu ilikuwa imelika. Mlango ulining'inia, ukaigusa swichi kwa ncha tu, na kishindo kidogo kilitosha kuiachia. Ilikuwa kazi ya nyonga za miaka mingi, nyingi zikiwa zake mwenyewe.

Akachana ukanda wa pakiti ya yerba, akaukunja mpaka ukajaza pengo, akaupachika kwenye bawaba. Akaufunga mlango, akausukuma kwa nguvu. Taa ya kijani ya swichi haikupepesa. Akaupima ule mkunjo, akaandika kipimo juu yake kwa penseli bila hata kufikiri, kama mkono wake ulivyozoea.

Alikwisha kulifungua daftari la zamu, na kalamu mkononi, alipowaza jinsi itakavyokuwa. Jimena atasema hongera don, Ferrero atasema kazi nzuri nyote, kisha cheo kitakwenda kulekule. La! Yeye atasema Alhamisi, mbele ya mkaguzi, kila mtu akiangalia, na mlango atauinua kwa mkono mmoja. Akalifunga daftari, akauchomoa ukanda, akauchomeka juu ya fremu.

Jumatano kinu kilizima mara mbili, watu wamo ndani. Nyuma ya paneli Maidana alimsikia Ferrero akifoka.

"Basi unganisha nyaya mbili, umeme uiruke swichi! Mkaguzi akishaondoka utatengeneza."

"Daktari, mimi siunganishi. Bora kinu kifungwe mwaka mzima."

Sauti ya Jimena ilikuwa na kilio ndani yake, lakini haikuyumba. Lilikuwa jibu ambalo Maidana angependa kulitoa yeye, na kwa hilo akamchukia zaidi. Akaenda zake nyumbani kupiga pasi shati.

Alhamisi mkaguzi alifika, Bi Ledesma, miwani yake ikining'inia kwa uzi. Maidana akajisogeza mbele.

"Bi Ledesma, kwa ruhusa yako, kuna kitu nataka kuwaonyesha."

Akashika kitasa, akainua. Mlango haukutikisika. Akatazama juu: bawaba ilikuwa mpya, inang'aa.

"Don Eleuterio, umetuokoa!" Ferrero alimpiga bega, daftari wazi mkononi. Maidana akasoma mwandiko wa Jimena: *Bawaba ya juu imelika, milimita tatu. Imegunduliwa na E. Maidana, Jumanne. Imerekebishwa na J. Pautasso, Jumatano jioni.*

Jina lake hilo, kama alivyolitaka. Bi Ledesma akavaa miwani.

"Imegunduliwa Jumanne. Jumatano kinu kikazima mara mbili. Kwa nini haikuandikwa siku hiyohiyo?"

Jimena akatoa mfukoni ukanda wa pakiti. *3 mm. E.M. Jumanne 14.*

"Niliukuta jana juu ya fremu, nikaangalia bawaba," alimwambia Maidana kwa sauti ya chini. "Ningeandika jina langu, ungesema nimekuibia. Na tarehe nisingeiacha, don. Ulinigonga vidole kwa rula, ukaniambia kipimo kisicho na tarehe wala jina ni porojo."

"Bwana Maidana," alisema mkaguzi, "hapa pana nafasi ya maelezo."

Katika daftari lile hakifutwi kitu. Maidana alishika kalamu, akaandika: *Nilijua tangu Jumanne. Nilinyamaza kwa wivu. E. Maidana, Alhamisi 16, saa nne na dakika ishirini.*

Ferrero akaondoa mkono begani pake.

Saa kumi alasiri, kinu kimekwisha kuzimwa, kibuyu kilimfikia akiwa wa nne, baada ya karani. Maidana akanywa mpaka mrija ukakoroma, akakirudisha.

"Maji yamekwisha," alisema Jimena. "Nani anakwenda?"

"Mimi."

Alichukua chupa, akaibana kwapani, akabeba kibuyu na pakiti. Alipofika mlangoni nyonga yake ikatangulia. Akaizuia. Akainama, akaweka vyote sakafuni, kimoja kimoja, akaufungua mlango kwa mkono.