Nguo ya Mti

Dismas Nikodemu alikuwa na uwongo mmoja tu, lakini aliutunza kuliko pasipoti yake. Kila alipoulizwa marehemu baba yake alikuwa nani, alijibu: "Bwana Nyama." Aliwaambia hivyo maprofesa wa chuo cha Guangzhou alikokuwa akisomea uhandisi kwa ufadhili, akawaambia hivyo wanafunzi wenzake, na akamwambia hivyo Haidar, mfanyabiashara wa Kizanzibari aliyekuwa amepanga chumba cha hoteli kule mtaa wa Xiaobei. Bwana Nyama, askari wa wanyamapori, mwenye kofia na bunduki ya serikali. Nani angemdharau mtoto wa mtu kama huyo?

Kumbe Mzee Nikodemu wa Sikonge, Tabora, alikuwa mwindaji haramu. Alikamatwa na mapaja mawili ya pofu, yule swala mkubwa wa porini, akala kifungo cha miaka mitatu. Siku aliyotoka gerezani, Dismas alikuwa kidato cha nne, anatembea na wenzake wenye mashati meupe. Alimwona baba yake anakuja na kifurushi kwapani, akavuka barabara, akajifanya anatazama duka la viatu. Mzee alimwona vizuri kabisa, na hakumwita. Mzee alifariki Dismas akiwa mwaka wa kwanza Uchina, na siku ile ya duka la viatu hawakuwahi kuizungumza.

Sasa, mwaka 1999, baada ya maonyesho ya biashara ya Aprili, Haidar alimwita Dismas kwenye mgahawa wa tambi wa Waislamu, barabara ya Huanshi Zhonglu. Haidar alikuwa mtu wa miaka arobaini na kidogo, mwepesi wa kucheka, na alikuwa hajanawa hata mikono alipoanza.

"Mdogo wangu, ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Nimekutana na Mmarekani mmoja kwenye maonyesho. Kwao huko watu wanapanda juu ya mti, wanajifunga mkanda kiunoni, wananing'inia kutwa wakimsubiri paa apite. Mtu mzima na akili zake, wallahi!"

"Anataka nini kwetu, kaka?"

"Kiulingo. Kidogo, cha kutia miguu miwili tu, kinafungwa kwenye shina. Mkanda wa kiunoni anao mwenyewe. Kiwe chepesi, kilo mbili zisifike, kibebe mtu wa kilo mia na ishirini, na kisitoe sauti. Tukimpa sampo nzuri, oda ni yetu. Wewe si injinia? Nichoree."

Dismas aliinamia bakuli lake ili Haidar asiuone uso wake. Kitu kile alikijua kabla hajajua kusoma. Baba yake alikuwa akijitia kwenye kitanzi cha ngozi ya nyati kilichozunguka shina, akakilalia kwa kiuno kama mtoto kwenye mbeleko, na miguu yake aliiweka juu ya kiulingo cha vijiti kisichozidi ukubwa wa sahani mbili. Vijiti vile vilikatwa kwa namna kwamba kadiri mtu alivyokanyaga, ndivyo vilivyozidi kuuma shina. Mzee alikibeba begani pamoja na upinde na akatembea nacho toka alfajiri hadi jua la utosi.

Dismas alichora kwa siku tatu. Palipokuwa na vijiti akaweka bamba la alumini, akalitoboa matundu ili kupunguza uzito. Palipokuwa na kamba ya gome ya kukifungia kwenye shina akaweka mkanda wa kubania mizigo. Nyuma akaweka meno manne ya kuuma shina, yaliyoinama vilevile kama baba yake alivyokuwa akiyachonga. Profesa wake aliiangalia michoro ile akatikisa kichwa kwa furaha, akauliza wazo limetoka wapi.

"Nimelikokotoa," alisema Dismas.

Kulikokotoa! Yule mzee aliyeanguka kwenye mti wa mninga akapoteza meno mawili ya kinywani kwa kujifunza pembe ile ya mkato, mwanawe anasema amelikokotoa. Mkataa kwao mtumwa, walisema wazee, na Dismas alikuwa mtumwa mwenye cheti.

Kazi ya kuunda walimpa fundi mmoja katika karakana iliyokuwa kando ya barabara ya kwenda bandari ya Huangpu. Jina lake Liang, na wote walimwita Shifu, yaani fundi mkuu. Alikuwa na miaka hamsini na minne, mfupi, mkavu, na alikuwa ameachishwa kazi kiwanda cha meli pamoja na mamia ya wenzake. Kwa umri wake, kuipata nafasi ile ya karakana kulikuwa bahati ya mwisho. Tajiri wa karakana, Laoban Chen, alikuwa akimkumbusha jambo hilo karibu kila wiki.

Shifu Liang aliupenda mchoro ule. Aliushika kwenye mwanga, akayafuata meno kwa kidole, akamwambia Dismas kwa Kichina cha polepole, "Aliyefikiria hili amekaa juu ya mti kweli." Dismas alitabasamu.

Siku ya majaribio walitoka uani, nyuma ya karakana: Haidar, Laoban Chen, Shifu, Dismas na vibarua watatu. Palikuwa na mti mmoja tu, ule ambao Guangzhou umepandwa kila mahali, wenye gome jeupe laini, tabaka juu ya tabaka kama kitabu kilicholowa. Shifu aliegemeza ngazi, Dismas akakifunga kiulingo kwenye shina, kimo cha watu wawili, akakaza mkanda.

Hapo mkono wake wa kulia ukanyanyuka wenyewe. Mzee Nikodemu hakuwahi kufunga ulingo bila kulipiga shina kwa kiganja mara tatu, akisikiliza, huku akisema na mti kwa Kinyamwezi: mwenzangu, nivumilie, nitakaa kidogo. Kisha alilibandua gome lote lililolegea mpaka afike penye unyevu. "Funga kwenye mti," alimwambia mwanawe, "usifunge kwenye nguo yake. Nguo huvuka mwilini." Dismas aliambiwa hivyo labda mara mia, na alikuwa na miaka saba alipoweza kuifanya kazi ile peke yake.

Kiganja kikagusa gome mara moja. Likatoa sauti nzito, ya kitu kilicholegea.

"Ehee!" Haidar alicheka toka chini. "Injinia, unaupigia mti hodi? Ndio mambo ya kwenu Tabora hayo, mnaanza kuagua?"

Vibarua nao walicheka, ingawa hawakuelewa neno hata moja. Damu ilimpanda Dismas usoni. Akilini akamwona baba yake na kile kifurushi kwapani, akauona mtaa mzima unatazama. Akashusha mkono, akaupangusa kwenye suruali, akashuka ngazi haraka kuliko alivyopanda.

"Tayari," alisema.

Ilikuwa zamu yake kupanda, maana aliyechora ndiye anayejaribu. Lakini Shifu Liang alimzuia. Kiwandani kwao kulikuwa na desturi: ngazi ya meli ikishachomelewa, wa kwanza kuikanyaga ni yule aliyeichomelea. Alivua kofia, akapanda, akaweka mguu mmoja kwenye bamba, kisha wa pili. Mkanda wa kiunoni haukuwepo, ulikuwa bado kwa mteja, na Dismas alikuwa amesema kimo si kikubwa. Shifu alilikumbatia shina, akawatazama chini akiwa anacheka.

"Mei wenti!" alisema. Hakuna tatizo. Kisha akaruka kidogo, kujaribu uzito.

Gome lote likashuka. Halikukatika, lilivuka tu kama soksi, na kiulingo kikashuka nalo, na Shifu akaangukia ukingo wa saruji. Wote walisikia mguu wake ukivunjika.

Katika vurumai ya kumbeba hadi kwenye gari, Laoban Chen alikiokota kiulingo. Kilikuwa kimegonga saruji, na jino moja lilikuwa limeng'oka penye kiungo alichokichomelea Shifu. Alimgeukia Dismas. "Hii ni nini? Kosa la mchoro au la fundi?"

Haidar alikuwa kando yake, macho yamemtoka. Katika meno matatu yaliyobaki palikuwa pamenasa utepe wa gome, mrefu kama kiganja. Dismas aliuona, akajua kwamba meno yalishika na ni gome lililoachia. Alichotakiwa kufanya ni kuuonyesha tu.

Ulimi hauna mfupa. "Kiungo kimeachia," alisema Dismas.

Alipokabidhiwa kiulingo akaung'oa ule utepe wa gome, akautia mfukoni. Siku hiyohiyo Laoban Chen alitangaza kwamba Shifu Liang, akipona au asipone, asirudi. Haidar alimpiga Dismas begani akamwambia ashukuru Mungu, kosa si lake, watatafuta fundi mwingine. Dismas alishukuru. Siku zilizofuata alikuwa akiingiza mkono mfukoni, analigusa lile gome, anautoa mkono kama aliyeungua.

Siku ya tano alinunua machungwa, akaenda kumwona mgonjwa. Aliamini atalaumiwa, na kwa kweli alikuwa akikitamani kile kilio cha hasira, atukanwe yaishe. Shifu Liang alikuwa amelala kwenye kitanda cha mbao, mguu umefungwa plasta nyeupe hadi kwenye goti. Alipomwona mgeni alijikongoja kuinuka, akashindwa, akainamisha kichwa akiwa amelala.

"Nisamehe, mwanafunzi Di," alisema. "Nimekuharibia kazi yako."

Dismas alisimama na mfuko wa machungwa mkononi.

"Miaka thelathini na moja nachomelea," Shifu aliendelea, "hakijaachia kiungo changu hata kimoja. Sasa naona mikono imezeeka na mimi sikujua. Mke wangu ananiambia labda ni vifaa. Si vifaa. Mtu akubali aibu yake." Akainyoosha mikono ile juu ya blanketi, akaitazama kana kwamba ni ya mtu mwingine. "Ungeweza kuwa wewe juu ya mti ule. Ningekuua. Siwezi kulala nikifikiri hilo."

Aibu aliyoijua Dismas mpaka siku ile ilikuwa aibu ya kuonekana. Hii ilikuwa nyingine, ya mtu asiyeweza kujitazama mwenyewe. Akakaa chini sakafuni, akaingiza mkono mfukoni akalitoa lile gome, likiwa limekauka na kukunjika, akaliweka juu ya blanketi, katikati ya ile mikono miwili. Akasema yote: gome, kiganja, kicheko, jino lililogonga saruji. Hakubakiza kitu isipokuwa baba.

Shifu Liang aliligeuzageuza gome lile kwa muda mrefu. Aliliweka chini, akapangusa macho.

"Umeniambia mimi," alisema. "Mimi sikuwa na haja ya kuambiwa kuliko wale uliowadanganya. Waambie wao. Mbele yangu."

Jumatatu yake Shifu aliletwa uani na mkewe juu ya baiskeli ya magurudumu matatu, mguu wa plasta umenyooshwa mbele. Laoban Chen alitoka na kikombe chake cha chai, hana subira. Haidar alikuja akinung'unika kwamba ana kontena Huangpu la kufungwa siku hiyohiyo. Vibarua walewale watatu walikuwepo. Dismas alikuwa amekileta kiulingo kilekile, jino lililong'oka likiwa bado halipo.

"Kiungo hakikuachia," alisema kwa Kichina, kwa sauti. "Jino liling'oka baada ya kugonga chini. Nilidanganya. Kosa ni langu, tazameni."

Hakuchukua ngazi kwanza. Alisimama mbele ya mti, akanyanyua mkono wa kulia, akalipiga shina kwa kiganja mara tatu, akisikiliza. Kisha akasema nao kwa Kinyamwezi, na sauti ilimtetemeka kwa sababu hakuwa ameitumia lugha ile miaka minne. Safari hii hakuna aliyecheka. Akapanda, akalibandua gome tabaka baada ya tabaka, likaanguka miguuni pa Laoban Chen, mpaka akafika penye unyevu, pagumu. Akafunga. Kisha akatoka kwenye ngazi na kuhamia kwenye bamba kwa miguu yote miwili, akaruka. Akaruka tena, kwa nguvu, kwa uzito wake wote, mara saba, mara nane. Meno matatu ya Shifu Liang yaliuma shina na hayakusogea hata unywele.

Laoban Chen alikunywa chai. Alimtazama Shifu, akatazama ule mguu, akasema, "Plasta ikitoka, urudi." Akaingia ndani. Shifu alikuwa akiitazama mikono yake tena, na mkewe alikuwa amemshika bega.

Dismas alishuka. Haidar alikuwa bado ameshangaa, mkono mdomoni.

"Bwana wee," alisema. "Hayo mambo ya kupiga shina, ya kulivua gome, na kiulingo chenyewe. Haya si ya profesa. Nani kakufundisha?"

"Baba."

"Aa, yule Bwana Nyama!"

Dismas alimtazama Haidar, kisha vibarua, kisha barabara iliyokuwa nje ya geti, pana, imejaa watu.

"Hapana, kaka," alisema. "Bwana Nyama ndiye aliyemtia pingu."