Masale ya Mpaka wa Bibi Asteria

Simu ya Mzee Loth ilimkuta Yudith kwenye cherehani, sindano imesimama katikati ya zipu.

"Masale ya mpaka wa mama yako yamekatwa," alisema Loth, mkubwa wa ukoo kule Mhezi, mlimani. "Yote kumi na moja, yamebaki mashina. Baba yako mdogo Sifael, wa shamba linalopakana, anasema aliyekata ametoka nyumbani kwenu. Jumamosi tunakaa shambani. Njoo na binti yako, na hicho kitambaa chake."

Yudith aliangalia ukutani. Kitambaa kilikuwa pale sebuleni, kirefu kama mlango. Jenifer, binti yake wa pekee, alikitarizi miezi saba. Milima ilikuwa juu, kwa nyuzi za kijani za aina tisa na vipande vya kanga kuukuu ya Bibi Asteria. Chini ilikuwa tambarare ya Hedaru, kwa katani iliyosokotwa na kipande cha kanzu ya baba yake, Habibu, muuza vitunguu. Katikati, mlima unapokutana na tambarare, aliweka magome ya miti, mbegu, na majani marefu ya masale yaliyokaushwa, yamebanwa kwa mishono midogo kama mchele. Wenye maonyesho Moshi walikuwa wamekikubali.

Na ruhusa ya kukata alitoa Yudith mwenyewe. Mwezi wa sita Jenifer alipiga simu kutoka kwa bibi yake: "Mama, nataka masale. Huku juu kwenye mfereji yapo mengi, nikate?" Yudith alikuwa na mteja wa gauni la kipaimara, amenuna kwenye benchi. "Kata, Jeni, majani tu hayo." Hakuuliza ya wapi. Sale la uani ni majani, sawa. Sale la mpakani ni hati ya shamba. Mtoto aliyekulia Same angelijuaje hilo? Lakini Yudith alizaliwa Mhezi.

Jumamosi walipanda na pikipiki mbili, kitambaa kimeviringishwa kwenye mkeka. Waliposhuka kumalizia kwa miguu, Jenifer aliuliza, "Nikiulizwa, niseme ulinikubalia?"

"Ukisema hivyo tumekwisha."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nyumba ikikata masale yake yenyewe, imeukataa mpaka wake. Unapimwa upya. Na akipima Sifael, ukanda wa juu unakwenda. Maji ya bibi yako kutoka ndiva yanaingilia wapi?"

Jenifer aliujua mfereji ule. Ulitoka kwenye bwawa la kijiji, ukaingia kwa Bibi kwenye ukanda huohuo, ndipo ukashuka kwenye tangawizi na maharage. Ukanda ukienda, Bibi wa miaka themanini na tatu atakuwa anabisha hodi kwa shemeji yake kuomba zamu ya maji. Na Sifael hakuwa mtu wa kuombwa maji.

Wazee sita walikuwa wamekaa kwenye majani, Bibi Asteria kwenye kigoda, amejitanda kitenge. Jenifer alisalimia kila mmoja shikamoo yake, akatandaza kitambaa. Wakainama kukiangalia. Mmoja aligusa mlima kwa kidole, akauonyesha kwa mwenzake, akatabasamu.

"Kazi nzuri," alisema Sifael. "Mpaka wangu umekuwa pambo. Kesho atashona na choo changu."

"Choo chako hakina la kushona, baba mdogo," alisema Yudith.

Wazee wawili walicheka. Loth hakucheka.

"Binti, umekata wewe?"

"Nimekata mimi, babu. Sikujua ni ya mpaka. Naomba mnisamehe."

"Nani alikwambia ukate?"

Jenifer aliangalia kitambaa chake. "Nilitaka mwenyewe."

Yudith angeweza kusema pale pale. Hakusema.

"Haya," alisema Loth. "Mgeni akikata, amekosa kwa kutojua. Tunapanda palepale kwenye mashina, yameisha. Mtu wa nyumba akikata, hayo ni mengine. Wewe ni mtoto wa nyumba hii?"

"Ndiyo, babu," alisema Jenifer, haraka, kama mtu aliyesubiri swali hilo tangu azaliwe.

Sifael alisimama. Miaka ishirini na mitatu alikuwa akimwita huyu binti 'yule wa Hedaru'. Sasa alimwekea mkono begani. "Si mmesikia? Mjukuu wetu huyu. Damu yetu. Angalieni alivyoijua milima yake. Nani atamkataa?"

Jenifer alimtazama babu yake huyo, uso umemfunguka kidogo. Yudith aliuona uso ule, na ndicho kilichomuuma zaidi.

"Mama yake aseme," alisema Loth.

Bibi Asteria hakuinua macho. Maji yalikuwa yakipita kwenye mfereji, membamba, ya zamu ya mtu mwingine.

"Huyu ni Jenifer Habibu," alisema Yudith. Sauti ilitoka kavu, ileile anayotumia kwa mteja anayetaka nguo kabla ya siku. "Baba yake ni mtu wa Hedaru, na ukoo wake ni wa Hedaru. Hapa ni mgeni."

Mkono wa Sifael uliondoka kwenye bega.

"Basi alikosa kwa kutojua," alisema Loth. "Mpaka ni uleule."

Vipande vya masale vililetwa. Yudith alianza kupanda, shina kwa shina, akibonyeza udongo kwa kisigino. Kwenye la tatu Jenifer alikuja, akashika jembe.

"Hapana, mwanangu," alisema Loth kwa upole. "Mgeni hapandi mpaka. Kaa na bibi yako."

Akakaa. Bibi Asteria alimshika mkono, akamwambia neno kwa Chasu. Jenifer aliitikia kwa Kiswahili.

Walipofika Same, Yudith aliwasha jiko. Jenifer alikaa kwenye mkeka na simu yake.

"Kuna fomu ya Moshi," alisema. "Wanataka mstari mmoja wa kubandika pembeni ya kitambaa. Msanii anatoka wapi."

"Andika Same."

"Same tumepanga, mama."

Yudith alifunua sufuria, akaangalia maji ya ugali ambayo hayajapata hata moto, akafunika tena.

"Nilikuwa naokoa maji ya bibi yako," alisema.

"Najua," alisema Jenifer. "Ningekuwa wewe ningesema hivyohivyo." Akaweka simu chini, ile nafasi bado tupu, akaenda kuoga.