Hodi ya Tatu

Kiyoyozi kimoja kilikuwa kimekufa asubuhi, na kilichobaki kilihema kama mtu anayepanda mlima wa Mgeta na gunia kichwani. Martina, msimamizi wa chumba cha kompyuta, hakubandua macho kwenye kipimajoto ukutani. Kompyuta ilikuwa ikipiga hesabu za mgao wa mbegu kwa vijiji vya Uluguru. Chumba kikizidi joto kidogo tu, ingezimika na kazi yote ianze upya, na mvua zilikuwa zimekaribia.

Ndipo Katibu Hassani wa Chama alipofika na kundi la wageni waliotaka kuiona mashine.

"Hodi."

"Shikamoo, Ndugu Katibu," Martina alisema nyuma ya mlango uliofungwa. "Leo haingii mtu. Kila mwili unaingia na joto lake."

"Mashine gani hiyo, inadeka kuliko bibi harusi?"

"Inadeka kwa ajili ya wakulima."

Wageni wakacheka. Katibu hakucheka. "Hodi," alirudia, kwa sauti ya mtu aliyezoea kukaribishwa.

Neno "karibu" lilimfika Martina mdomoni, maana ndivyo alivyolelewa. Akalimeza.

"Hodi, Martina. Kesho utakuwa huna kazi."

Martina akaegemeza mgongo mlangoni.

"Hodi ya tatu hiyo, mwanangu," mama mmoja wa Matombo kati ya wageni alimwambia Katibu. "Hujakaribishwa. Kwetu mtu hurudi." Akageuka, na wenzake wakamfuata.

Katibu akabaki ameshika kitasa. Hata yeye hakuweza kuingia bila karibu.

"Kesho, Ndugu Katibu," Martina alisema, "mbegu zitakuwa njiani."