Kijiwaya cha Ukucha

Ukucha wa kidole gumba cha mguu wa mume wangu, Onno, ulizama nyamani. Akaukata pengo katikati kwa kisu, kama wazee wa kwetu Leer, Ujerumani, eti utajivuta katikati wenyewe na kutoka nyamani. Wapi! Nikamburuta kwa Wiebke, mtaalamu wa miguu, auinue kwa kijiwaya bila kupasua.

"Jikaze, mzee. Hapa hata mabaharia hulia," Wiebke alisema, akikaza waya.

"Kaza tu, binti. Sisikii kitu!" Onno alijigamba, akicheka.

Wiebke akabonyeza pembeni mwa ukucha. Usaha ukatoka. Akamchoma unyayo kwa sindano. Onno alikuwa bado anacheka.

"Kisukari umepima lini?"

"Kisukari gani?"

Wiebke akaukata waya. "Mama, mpeleke hospitali sasa hivi. Kidole kinaoza na mwenyewe hana habari."

Nikamvisha soksi. Akaacha kucheka.